Skripti inafanya kazi kwa mkono, kompyuta ikiwaka haifanyi

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nasomesha skuli moja ya Wete, Pemba. Kompyuta yetu ya maktaba ina Ubuntu, mfumo wa Linux. Nimeandika skripti (faili la amri) ya kunakili masomo mapya kutoka seva ya skuli kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, nikaiita ndani ya /etc/rc.local, faili la amri za kuendeshwa kompyuta inapowaka, hivi: bash ~/masomo.sh. Nikiiendesha mwenyewe, masomo yanakuja. Umeme ukikatika ukarudi, kompyuta inawaka lakini hakuna kinachokuja.

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu. Skripti yako haina ubovu. Tofauti ni kwamba kompyuta inapowaka, anayeiita si wewe, ni root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, na wewe hujaingia bado. Alama ya ~ kwake haielekei kwenye folda yako, na ufunguo wako wa SSH, ule unaokuruhusu kuingia kwenye seva, hanao. Andika njia kamili: /home/mwalimu/masomo.sh.

Kabla ya hapo, tazama ls -l /etc/rc.local. Ubuntu ilihamia systemd, programu inayoanzisha huduma zote kompyuta inapowaka, mwaka 2015, toleo 15.04, na matoleo ya siku hizi hayaji na faili hiyo, kwa hiyo nadhani umeiunda mwenyewe. Faili jipya halizaliwi na ruhusa ya kuendeshwa. Usipoona herufi x, systemd inaliruka, na kwenye kumbukumbu za mfumo inaacha taarifa fupi tu, si kosa. Hili limewachosha watu wengi, maana wanatafuta kosa, na taarifa hiyo inawapita. Dawa ni sudo chmod +x /etc/rc.local, na mstari wa kwanza uwe #!/bin/bash.

Lakini mimi ningeiacha rc.local kabisa. Tengeneza /etc/systemd/system/masomo.service:

[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=mwalimu
ExecStart=/bin/bash /home/mwalimu/masomo.sh

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Badala ya mwalimu weka jina lako la kuingilia. Kwa mstari wa User skripti inaendeshwa kwa jina lako, na ufunguo wako unapatikana. Kisha sudo systemctl daemon-reload, halafu sudo systemctl enable masomo. Hiyo enable ndiyo inayoifanya ianze kila kompyuta inapowaka; ukiandika start peke yake, itafanya kazi leo tu. Ikizimwa na kuwashwa, umerudi pale pale.

Limebaki moja, na kwa habari ya umeme uliyonieleza ndilo ninalolihofia zaidi. Umeme ukirudi, seva na kompyuta zinaamka pamoja, na seva mara nyingi huchelewa. network-online inakwambia mtandao wa kompyuta yako uko tayari. Haikwambii kama seva imeshaamka. Basi ndani ya skripti, amri yako ya rsync itangulize kwa neno until, na baada yake andika ; do sleep 30; done. Itajaribu, ikishindwa itangoja nusu dakika, ijaribu tena mpaka seva iitike.

Bado ikikataa, washa upya, endesha journalctl -b -u masomo, uniletee maneno yote yanayotoka, usiyafupishe.