Usitume hiyo advansi kabla hujaloweka kipande cha boksi kwenye ndoo

Mkuu, hiyo hela usiitume. Kama namba ya fundi umeshaiandika kwenye simu, ifute kwanza, halafu usome.

Umesema nyumba iko Iyumbu, hapahapa Dodoma, jiko lina umbo la L, fundi kakurushia picha za kabati jeupe linalong'aa mpaka unajiona uso, anataka asilimia 70 mbele. Ulipomuuliza maboksi, yaani mwili wenyewe wa kabati ukitoa milango, yatatengenezwa na nini akakujibu: "MDF ya kijani bosi, haipati maji, na isitoshe Dodoma ni kukavu, siyo kama Dar." Yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi. Ukaridhika! Ukaja hapa kutuuliza rangi, vitasa, bawaba zinazojifunga taratibu zina faida gani, juu uweke graniti au marumaru, na makabati ya juu yafike dari au yaishie katikati. Vitasa, mkuu. Nyumba inaungua unauliza pazia.

Hiyo sentensi ya "Dodoma ni kukavu" naijua mpaka na mahali pa kupumulia. Mimi niliambiwa na bwana mmoja mwenye kalamu sikioni na futi ya chuma kiunoni, anaongea taratibu kama shehe wa mtaa, nikamwamini kuliko ninavyomwamini daktari wangu. Na ubaya wake ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Mvua yetu inaanza Desemba, ikifika mwisho wa Aprili imeshaaga, miezi iliyobaki ni jua na upepo. Hewa ya hapa haivimbishi ubao, sawa. Lakini nani kakwambia kabati la jikoni linakunywa maji kutoka hewani?

Linakunywa kutoka sakafuni. Fikiria upepo wa Julai na Agosti, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Dada anafanya nini? Anadeki. Asubuhi anadeki, jioni watoto wakishakanyaga anadeki tena, na hadeki kwa kitambaa kilichokamuliwa, anamwaga maji ndiyo anavuta. Kwa hiyo huo ukavu anaokusifia ndio unaoleta vumbi, vumbi linaleta deki, na deki inapeleka maji kwenye miguu ya kabati lako kila siku ya Mungu. Dar wana unyevu wao, sisi tuna ndoo.

Sasa maboksi yangu yalikuwa yamekaa moja kwa moja juu ya marumaru za sakafu. Hakuna miguu. Mbele kukapigwa kibao cha urembo kuziba, ukiangalia unaona kabati limetulia kama la kwenye gazeti. Ubao wenye ngozi nyeupe hauna shida juu, ukimwagia chai unafuta. Mdomo wake uko pale ulipokatwa. Fundi akishakata, pale kwenye ubavu panabaki wazi, na hapo panatakiwa pabandikwe ejibendi, ule utepe wa kuziba ukingo. Wangu alibandika kila mahali jicho linapofika, tena kwa pasi ya nguo. Chini, kule kunakokaa kwenye maji, aliacha wazi. Kwa nini apoteze utepe kwa sehemu ambayo mteja hainami kuiangalia? Na kweli sikuinama. Nilifungua milango, nikaifunga, nikapiga kwa kidole ngo ngo, nikatikisa kichwa kama mtaalamu, nikalipa.

Dalili ya kwanza ilikuwa mlango wa chini ya sinki kuanza kukwaruza. Nikampigia, akaja na bisibisi, akazungusha skrubu ya bawaba, mlango ukakaa. Bawaba hizi za kisasa zina skrubu za kusogeza mlango kushoto na kulia, mbele na nyuma, na nyingine juu na chini, kwa hiyo fundi anaweza kukufichia ugonjwa kwa muda mrefu tu. Akaja tena, akazungusha tena. Mwisho skrubu zenyewe zikaanza kutoka na unga. Unajua dawa yake ilikuwa nini? Njiti za kiberiti na gundi nyeupe. Kachomeka njiti kwenye tundu, kapiga skrubu juu yake, kaniambia "hii sasa mpaka wajukuu." Nikapapasa chini kwa kidole. Ukingo umevimba, ngozi nyeupe imepasuka, ukikwangua kwa kucha unadondoka.

Halafu ikaja siku ya mgao. Wakazi wa hapa mnaujua mchezo: maji hayatoki mchana, mtu anafungua bomba, halitoi kitu, anasahau kulifunga. Maji yakarudi usiku wa manane, ndani ya sinki kuna bakuli limeziba tundu. Asubuhi jiko lilikuwa bwawa la Hombolo, limekosa wavuvi tu.

Baada ya hapo boksi la sinki likaanza kukaa chini taratibu. Na hapa ndipo hela ilipokwenda, kwa hiyo soma polepole. Juu nilikuwa nimeweka graniti ya mm 20. Graniti ya unene huo ina uzito wa kama kilo 54 kwa mita ya mraba. Meza ya jikoni ina upana wa sentimita 60, yaani kila mita moja ya urefu ni kama kilo 32 zimekaa juu ya mbao zako, bado hujaweka sinki lenye maji na mtu anayeegemea akikuna nazi. Jiwe halipindi. Ubavu mmoja wa boksi ukishuka hata kidogo, jiwe linatafuta mahali pembamba pa kupasukia, na pembamba ni ule mkanda wa mbele ya tundu la sinki. Lilipasuka tukiwa sebuleni. Mlio wake mmoja tu, mkavu. Mke wangu akadhani ni soda imelipuka kwenye friza.

Unadhani nikabadilisha boksi tu? Boksi liko chini ya jiwe, na jiwe limegandishwa kwa silikoni kwenye marumaru za ukutani. Kulinyanyua kukatoka na marumaru. Jiwe lenyewe likamalizikia mikononi mwa vijana. Kwa hiyo nikanunua graniti upya, marumaru za ukutani (zile za mwanzo hazipo tena dukani, ikabidi ukuta wote), bomba la sinki, na ufundi wa watu wanne tofauti wanaogombana nani aanze. Kuweka maboksi ya maana toka mwanzo kungeniongezea hela ambayo haifiki hata robo ya jiwe la pili.

Tulipokata lile boksi ndiyo nikaona. Ndani hakuna ukijani wowote. Ni chipubodi ya kawaida, ule ubao wa vipande vipande vilivyoshindiliwa na gundi, umevaa ngozi nyeupe. Kijani kilikuwa kwenye milango na kwenye ule ubavu mmoja wa mwisho unaoonekana ukiingia. Nikampigia bwana mwenye kalamu sikioni. Akasema, na hapa namnukuu kwa uchungu: "Hayo ni matumizi, bosi." Matumizi! Kabati la jikoni limeharibika kwa sababu ya kupika na kuosha vyombo! Angenitahadharisha mapema niwe napikia kwa jirani.

Na hata ingekuwa kijani kweli, sikiliza. Kile kijani ni rangi tu, imewekwa kiwandani ili watu wautofautishe ubao. Kinachozuia unyevu ni aina ya gundi iliyochanganywa na zile nyuzi za mbao, na ubao wenyewe umetengenezwa kuvumilia unyevu, siyo kusimama kwenye dimbwi. Mtu anayekwambia "haipati maji" kwa sababu ya rangi anakuuzia rangi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, fanya hivi. Nenda karakana anakokatia, usiishie kwenye chumba chenye sofa na feni. Omba kipande cha ubao wa BOKSI. Atakupa cha mlango, mrudishie. Akikate mbele yako, ukubwa wa kiganja, halafu kigawe mara mbili. Nyumbani jioni kimoja kitie kwenye ndoo ya maji, ukikandamize na jiwe kwa sababu kitaelea. Kingine weka juu ya friji. Asubuhi vilaze mezani viguse ubavu kwa ubavu, upitishe kucha kutoka kimoja kwenda kingine. Kucha ikikwaa, kilichokuwa ndooni kimevimba, na ujue kikikauka hakirudi kilivyokuwa. Halafu piga skrubu kwenye ubavu wa kile kilicholowa, uivute na koleo. Ikitoka na unga, umeona mlango wako utakavyokuwa.

Chipubodi itakuaibisha mapema. MDF ya kawaida nayo itanenepa. MDF nzuri ya kuvumilia unyevu itavimba kidogo sana, hiyo kwa maboksi mengine sina ugomvi nayo ikiwa imenyanyuliwa. Marine inatoka karibu ilivyoingia. Nasema marine ile ya kahawia yenye ngozi laini, mafundi wa zege wanaifungia slabu. Lakini iangalie ubavu: matabaka yawe yamekamatana bila matundu katikati, na isiwe imetoka kufungia slabu ya mtu ikapigwa rangi. Mwenye haraka akichemshe kipande kwenye sufuria kuukuu. Gundi mbaya inaachia matabaka yakafunguka kama kurasa.

Kile kikavu cha juu ya friji usikitupe. Siku maboksi yanaletwa, kabla hayajafungwa, pindua moja miguu juu, uweke kipande chako pembeni ya ubavu. Ni ubao uleule? Mimi hapo ndipo nilipopigwa: niliyoonyeshwa siyo niliyoletewa. Chini pawe na ejibendi hata kama hapaonekani, na pawe na miguu ya plastiki ya kuzungusha, ile ya sentimita 10. Ubao wowote ukigusa sakafu ya nyumba inayodekiwa umeshakufa, unasubiri tarehe.

Chini ya sinki mimi sasa sina ubao kabisa. Nimejenga tofali pande mbili, slabu ndogo ya zege, nikapiga marumaru, mlango tu ndio wa mbao. Siyo kabati la kupigia picha, lakini juzi koki imevuja wiki nzima nikiwa Singida, nimerudi nimefuta na kitambaa. Wengine watakwambia aluminiamu, sawa, haivimbi, ila muulize rafu za ndani ni za nini, maana wengi wanachomeka chipubodi humohumo. Mninga ni mzuri sana kama umekauka vizuri. Ukiletewa mbichi, ukavu wetu utaufanyia kazi, na mlango ukachanika katikati.

Bawaba, kwa kuwa umeuliza. Zinazojifunga taratibu ni raha, watoto hawabamizi, lakini bawaba ya bei ghali kwenye boksi la unga itaanguka taratibu, ndiyo tofauti pekee. Kwanza ubao ushike skrubu. Mlango usiozidi sentimita 90 kwa urefu bawaba 2 zinatosha, ukifika kama 160 weka 3, zaidi ya hapo ongeza. Karibu na sinki chukua za chuma kisichoshika kutu, maji yetu yana chumvi, angalia tu birika lako. Reli za droo chukua zile za gololi zinazotoka mpaka mwisho. Na ukimwona fundi anafungia maboksi kwa skrubu nyeusi za jipsamu, msimamishe hapohapo, zile zinakatika kichwa.

Makabati ya juu yafike dari. Ukiacha uwazi, vumbi la Dodoma litapanga humo bila kulipa kodi.

Rangi na vitasa muulize shemeji, mimi kwangu nilishanyang'anywa kura. Kesho ukitoka kwa fundi tuambie kakupa kipande au kakupa hadithi. Akisema masalia yote yamechomwa au "kipande kidogo hakipimwi hivyo", andika hapahapa alivyosema, neno kwa neno, nione kama ni yule wangu mwenye kalamu.