Barua kwa Mwanangu: Mtu wa Tatu kwenye Timu

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Pangani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako. Akacheka, akasema, "Huyo jibu analo, anatafuta tu wa kumtupia lawama." Huenda ni kweli. Nakujibu hivyo hivyo.

Umesema umeteuliwa kuwawakilisha wachezaji kwenye kamati itakayochagua timu ya taifa ya mbio za mitumbwi kwenye mito ya maji ya kasi, na wenzako wamegawanyika. Wapo wanaotaka saa iamue yote: atakayeshuka mto upesi siku ya mchujo ndiye anayesafiri. Wapo wanaotaka nafasi moja ibaki mikononi mwa kamati, kwa ajili ya yule bingwa wenu aliyeumia bega. Ukaniuliza, "Baba, wewe ungefanyaje?"

Mimi si mpiga kafi, unajua. Haya machache niliyoyajua niliyapata 1995, nikisoma sayansi ya bahari pale Menai Bridge, Wales, wenzangu waliponivuta hadi mji wa Bala, huko huko Wales, kusaidia kwenye mashindano ya dunia ya mbio zenu hizi. Wakanipa kamba ya uokozi, wakanisimamisha juu ya jiwe kando ya mto Tryweryn. Mtoto wa pwani, kazi yake ni kuwavua Wazungu majini! Nashukuru hakuna aliyepinduka mbele yangu.

Kilichonishangaza kuliko kasi yao ni umbo la vyombo. Kayaki zile zilikuwa ndefu, zaidi ya mita 4, nyembamba kama mundu, halafu nyuma ya mkaaji zinapanuka ghafla kama zimeota mabawa. Nikauliza mabawa ya nini, nikidhani ni kama matengo ya ngalawa, ya kuzuia kulala upande. Wakanicheka. Kumbe sheria inataka kayaki iwe na upana usiopungua sentimita 60, lakini haisemi upana huo ukae wapi. Mafundi wakaupandisha juu, nyuma, mahali ambapo maji hayaugusi sana, na sehemu inayopasua maji wakaiacha nyembamba kadiri walivyotaka. Mpimaji akija na rula yake, sentimita 60 anazikuta.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu kanuni mtakayoiandika itatengenezewa mabawa vilevile. Mkisema zitahesabiwa mbio mbili bora kati ya tatu, atakayeshinda mbili za mwanzo, siku ya mbio ya tatu atalala nyumbani, na mtakosa kumwona siku maji yamejaa. Mkisema mshindi wa mbio fupi anaingia moja kwa moja, watu wataacha kuyafundisha mapafu yao mbio ndefu. Basi kabla ya kubishana kuhusu bega la bingwa, jiulizeni mnataka nini kutoka kwenye timu hii, mkiandike hicho. Mimi 1995 niliona mbio ndefu tu, maana zile fupi ziliingia mashindano ya dunia 2002. Kwenye fupi, kosa moja kwenye jiwe moja limekumaliza. Kwenye ndefu unakosea, unameza mate, unaendelea. Wanaozishinda si lazima wawe watu wale wale.

Sasa saa. Mimi naipenda, na ningeipa nafasi nyingi kuliko kamati. Lakini hamwondoki pamoja kama wakimbiaji. Kila mmoja anaachiwa peke yake, na mto haumsubiri mtu. Tryweryn ni afadhali, maji yake yanatoka bwawa la Celyn na mtu anayafungulia. (Bwawa hilo lilizamisha kijiji kizima, Capel Celyn, 1965, ili Liverpool ipate maji. Ukipita pale na wenyeji, ongea kwa adabu.) Kwenye mto wa mvua mambo ni mengine: kina kinaweza kushuka huku bado watu wako kwenye foleni, na wa mwisho akapewa mto wa polepole kuliko wa kwanza. Kwa hiyo msijumlishe sekunde za Jumamosi na za Jumapili kama fedha za noti moja. Hesabuni kwa asilimia ya aliyeshinda siku ile. Mshindi akitumia dakika 12, aliyechelewa sekunde 14.4 yuko nyuma asilimia 2. Kesho maji yakijaa mshindi akatumia dakika 10, asilimia 2 hiyo hiyo ni sekunde 12.

Kuna watakaokuletea kisa cha Wafaransa, nacho kinatoka slalomu, mbio za kupita katikati ya vijiti vilivyoning'inizwa juu ya mto, ndugu wa mbio zenu. Denis Gargaud Chanut alikuwa bingwa wa dunia 2011, lakini Olimpiki ya London 2012 kila nchi ilipeleka chombo kimoja tu kwa kila aina, na Mfaransa mwenzake, Tony Estanguet, akamshinda kwenye mchujo. Estanguet huyo Beijing 2008 hata fainali hakuifika. Akaenda London akarudi na dhahabu. Watasema, "Umeona? Saa haidanganyi." Mimi siuoni ushahidi hapo. Gargaud Chanut angepelekwa, nani ajuaye? Rio 2016 alipelekwa, naye akaleta dhahabu.

Kuhusu nafasi ya kamati: iacheni, moja tu, na iwe ya mtu wa tatu wa timu. Kwenye mbio za timu mnashuka vyombo vitatu, na saa inasimama akifika wa mwisho. Huyo wa tatu ndiye muda wenu. Bingwa wenu akishashuka akawaacha wenzake hajawasaidia kitu. Mnahitaji mtu ambaye hapotei, hata akiwa wa nne kwenye orodha. Hilo saa ya mtu mmoja mmoja hailioni. Bega nalo lina daktari. Wekeni tarehe ya mwisho ya cheti chake, muitangaze kabla ya mchujo, si baada ya kuona nani kashindwa.

Nikuambie na langu. Miaka ile niliporudi, tulichagua mabaharia wa ngalawa kwa mashindano ya hapa nyumbani, nikamwacha mtu ambaye tulikua pamoja. Uamuzi ulikuwa sawa, hata leo nausimamia. Ila sikumwambia. Alizisikia habari ufukweni, kwa wauza samaki, na miaka miwili alikuwa akiniona anavuka barabara. Wewe wapigie simu mapema walioachwa, mmoja mmoja, na asilimia zao mkononi.

La mwisho. Kwenye ujumbe wako yule rafiki unayeishi naye umemtaja mara nne, na kila mara ni jinsi anavyojituma. Siku jina lake likifikiwa kwenye kikao, omba ruhusa utoke nje, na iandikwe kwenye kumbukumbu kuwa ulitoka.

Mama yako anauliza kama ile mbaazi kavu ilifika, au forodha wameipika wao.

Baba yako