Re: Kisu cha urembo chenye mpini wa samaki na kiboksi chake

Mkuu umeuliza kama tupa kuukuu inafaa kutengeneza kisu cha urembo cha kumpa mzee zawadi, na kiboksi ukitengenezeje. Inafaa sana, ila usianze kuisaga ikiwa ngumu hivyo hivyo, ichome mpaka iwe nyekundu kisha izike kwenye majivu ilale humo mpaka kesho, ikilainika ndo uchonge umbo. Ukimaliza umbo ichome tena, jaribu na sumaku, ikiacha kunasa ongeza moto kidogo tu halafu zamisha kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa, maji yanaweza kuipasua. Hapo itakuwa ngumu ila inavunjika kama glasi kwahiyo isafishe ing'ae uiweke kwenye oveni nyuzi 200 hivi masaa mawili, ukiona rangi ya majani makavu imetulia.

Mpini wenye umbo la samaki chonga kwa mpingo, mimi naupenda mno, ukipiga msasa laini unang'aa wenyewe bila vanishi, magamba yachore kwa patasi ndogo na jicho weka kipande cha waya wa shaba. Vaa barakoa lakini, vumbi lake linawasha vibaya!!

Kiboksi fanya cha mninga, kifuniko kipigie misumari ya shaba yenye vichwa vya duara kama masanduku ya Zanzibar. Ndani weka kitambaa, ngozi hapana kabisa, inashika unyevu kisu kinaota kutu, na kabla ya kukilaza humo kipake nta ya nyuki.