Jibu: Machi ya Kituruki, noti nilizopakua si wimbo ninaoutaka

Mkuu, salamu. Umepakua noti za "Machi ya Kituruki", ukapiga, na hausikii ule wimbo wa piano unaoutafuta. Zipo nyimbo mbili maarufu zenye jina hilo, za watunzi wawili, na nadhani umeshika ya Beethoven.

Angalia kwanza alama za mwanzo wa mstari. Ukiona bemoli mbili (♭, alama ya kushusha sauti nusu), hiyo ni ya Beethoven, muziki wa tamthilia Die Ruinen von Athen (Magofu ya Athens) wa 1811. Inaanza kwa sauti ya chini, inapanda kana kwamba kikosi kinakuja, halafu inafifia. Unayoitaka haina bemoli wala diezi (#, alama ya kupandisha sauti nusu) mwanzoni, na inaanza na B, A, G#, A, kisha C. Kwa waliozoea sol-fa ya kwaya: ti la se la do. Hiyo ni ya Mozart, sehemu ya tatu ya sonata yake ya piano K. 331 (K. ni namba ya orodha ya kazi zake). Tafuta kwa namba hiyo, jina lina utata.

Ukiipata, usikimbie! Imeandikwa Allegretto, yaani mwendo wa kuchangamka kiasi, na wengi wanaiharibu kwa mwendo wa kasi. Ikifika pale mkono wa kulia unapopiga oktavu (noti ileile ya juu na ya chini), zile noti ndogo za mkono wa kushoto ndizo zinazoiga ngoma. Bendi za kijeshi za Waturuki zilikuwa na ngoma kubwa, matoazi na pembetatu ya chuma ya kugonga, na Vienna nzima, mji alioishi Mozart, ilizipenda miaka ile. Mimi huuzoeza mkono wa kushoto peke yake, polepole, hadi kishindo kisikike kabla ya kurudisha ule wa kulia.