Betri Kubwa Badala ya Transfoma Mpya?

SWALI: Ninamiliki kituo cha mafuta kando ya barabara kuu karibu na Chalinze na ninafikiria kuongeza huduma ya kuchaji magari ya umeme. Fundi ameniambia kuwa kwenye laini yangu zimebaki takriban kilowati 40, na kwamba chaja ya kasi ya kilowati 300 itanilazimu nifunge transfoma yangu mwenyewe. Muuzaji mmoja anadai kuwa nikinunua chaja yenye betri ndani yake, sitaihitaji transfoma hiyo. Je, ni kweli? Na je, betri hiyo ni salama jirani na matangi ya petroli?
Msomaji, Chalinze

JIBU: Muuzaji amesema kweli, ila ameishia nusu ya habari. Betri itakupa kasi ambayo laini yako haina, lakini kila uniti itakayoingia kwenye gari la mteja ni lazima iwe imepita kwanza kwenye laini hiyohiyo ya kilowati 40.

Tuchukue kifaa kilichopo sokoni. ChargeBox ya kampuni ya Kijerumani ADS-TEC Energy ina betri ya uniti 140 na hutoa hadi kilowati 320. Gari la kwanza likichukua uniti 45 kwa robo saa, laini yako itachangia uniti 10 katika muda huo, na 35 zilizobaki zitatoka kwenye betri. Gari la pili na la tatu, hata yakifuatana papo hapo, yatahudumiwa vizuri. Lakini betri haitumiki hadi tone la mwisho na umeme fulani hupotea njiani, basi tuseme kati ya uniti zake 140 zinazofika kwenye magari ni 120: la nne litaanza kwa kasi, kisha betri itaisha na gari litamaliziwa kwa kilowati 40, hivyo dereva aliyeahidiwa robo saa atakaa karibu dakika 45, na betri yenyewe itahitaji zaidi ya saa 3 kujaa upya. Kwa siku nzima laini hiyo inaweza kupitisha uniti 960. Ukiondoa zinazopotea katika kubadilisha umeme na kupoza betri, utabaki na zinazotosha magari 18 hivi, kama yangekuja kwa kupangiana zamu usiku na mchana.

Kwa hiyo hesabu magari yatakayofuatana katika saa moja yenye msongamano, kwa sababu wastani wa mwezi utakudanganya. Kwa siku za kawaida naona kifaa hicho kinakutosha kabisa: vyombo vingi vya umeme barabarani kwetu bado ni pikipiki na bajaji, ambazo hazina haja na kasi hiyo. Wiki ya Krismasi, familia zinapopanda Moshi na Arusha, ndiyo itakayokupima.

Ipo faida ambayo muuzaji hakuitaja. Ukifunga transfoma kubwa na kuingia katika madaraja ya wateja wakubwa, T2 au T3, TANESCO watakutoza uniti ulizotumia na, juu yake, kilele cha mahitaji yako, yaani kiwango cha juu kabisa ulichovuta kwa wakati mmoja katika mwezi, kinachopimwa kwa kVA. Magari mawili yakichaji kwa pamoja mara moja tu yanaweza kupandisha bili ya mwezi mzima. Betri hukata kilele hicho. Nchini Marekani, Electrify America ilitangaza mwaka 2019 kuwa itafunga betri za Tesla za kilowati 210 na uniti 350 katika vituo zaidi ya 100 kwa sababu hiyohiyo, ingawa vituo vyake vina laini kubwa kuliko yako.

Kuhusu moto, uliza kwanza kemia ya betri. Zile za lithiamu, chuma na fosfati huvumilia joto kuliko zenye nikeli na kobalti, na hizo ndizo ningezitaka karibu na petroli. Hata hivyo, zikiharibika hutoa gesi inayoweza kulipuka ikikusanyika ndani ya chumba. Mwezi Aprili 2021 jijini Beijing, katika kituo kilichounganisha umeme wa jua, betri za aina hiyo na chaja za magari, mlipuko uliua wazimamoto wawili waliokuwa wamefika kuzima moto. Usikubali betri iwekwe ndani ya stoo. Iwe nje, yenye vitambuzi vya gesi na njia ya kuitolea hewani, na umbali wake kutoka matangi na mabomba ya kupumulia uidhinishwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla hujalipa hata malipo ya awali.

Mwisho, soma mkataba. FreeWire ya California iliuza chaja zenye betri ya uniti 160 zilizohitaji kilowati 27 tu za laini, bidhaa iliyosifiwa sana, lakini kampuni ilifunga shughuli mwaka 2024. Chaja hizi huendeshwa kwa programu inayotegemea seva za mtengenezaji, basi mtake muuzaji aandike nani atakuwa na nywila za programu na akiba ya vipuri iwapo kampuni yake itafungwa, na betri itabaki na asilimia ngapi ya uwezo wake baada ya miaka 10.