Uliza Moja, Soma Moja: Kuendesha Vifaa vya Kupimia kwa Kompyuta

Hapa Mtwara, ambako gesi ya Mnazi Bay husafishwa Madimba kabla ya kusukumwa hadi Dar es Salaam, sehemu kubwa ya kazi yetu mafundi wa vipimo ni kuhakiki transmita za presha zinazotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Mimi huunganisha multimita ya mezani na kompyuta ili vipimo vijiandike vyenyewe, na kijana anayeanza mimi humwambia kwanza hivi: ukituma swali, soma jibu lake kabla hujatuma jingine.

Lugha ya amri ambazo kompyuta hukitumia kifaa cha kupimia, yaani SCPI, iliyotolewa mwaka 1990 juu ya msingi wa kiwango cha IEEE 488.2 cha mwaka 1987, haina ugumu mkubwa. Kitabu cha kifaa kikiandika VOLTage, unaweza kutuma VOLT au VOLTAGE, lakini VOLTA itakataliwa kwa kosa namba -113. Angalia zaidi nuktamkato. Ukituma CURR:DC:RANG 0.1;NPLC 10, kifaa huchukulia kwamba NPLC (idadi ya mizunguko ya umeme ambayo kipimo kimoja huchukua) bado iko chini ya CURR:DC, kwa hiyo ukitaka kuhamia tawi jingine ni lazima utangulize nukta mbili, kama ;:TRIG:COUN 5.

Balaa hasa liko kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda ya data. Kifaa kina bafa ya kupokea amri na foleni ya kutolea majibu, na kila kimoja hufanya kazi kwa mwendo wake. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na NPLC 100 huchukua sekunde 2 kwa kipimo kimoja, au karibu mara mbili ya hapo ikiwa kifaa kinajisahihisha sifuri kila mara. VISA nayo, programu inayopitisha mawasiliano kati ya kompyuta na kifaa, usipoibadilisha, husubiri milisekunde 2000 tu. Kompyuta hukata tamaa wakati jibu liko njiani. Kwenye GPIB, njia ya kebo maalumu ya vifaa vya vipimo, swali jipya hulifuta jibu hilo na kosa -410 huandikwa, walau ukajua. Kwenye kebo ya siriali hakuna anayefuta: jibu lililochelewa hukaa ndani ya kompyuta, na swali linalofuata hupewa hilo, kama mteja anayekabidhiwa chenji ya aliyemtangulia. Umepandisha presha hadi ya miliampea 12, jedwali linaandika 8.001, ukifika 16, linaandika 12.002. Namba ni safi kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa fundi huishia kurekebisha transmita nzima.

Wengi hukimbilia *RST, amri ya kurudisha mipangilio ya mwanzo, na *CLS, amri ya kufuta hali. Ya kwanza haigusi foleni ya majibu. Ya pili hufuta rejista za hali na foleni ya makosa, na hakuna hata moja inayofikia kilichokwisha kuingia kwenye kompyuta. Ongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 10, na ukipitiliza, tuma agizo la kusafisha kifaa lililomo ndani ya VISA ikiwa unatumia GPIB au USB; kwa siriali, mwaga bafa ya kupokelea ya kompyuta yenyewe.

Ukiunganisha maswali katika ujumbe mmoja, *IDN?, ile inayokiuliza kifaa utambulisho wake, iwe ya mwisho, la sivyo utapata -440. Kila baada ya kundi la amri, rudia SYST:ERR?, swali la kusoma foleni ya makosa, hadi upate 0,"No error", kwani makosa hutoka moja moja, la zamani likitangulia. Ukikuta -350, foleni ilijaa na yaliyofuata hayakuandikwa, hivyo vipimo vya kundi hilo virudiwe.