Maswali ya wasomaji: Miezi saba bila kazi na mtoto aliyeachwa nje ya fomu

Salaam aleikum, dada. Mimi ni mhasibu, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na sasa naishi Kisauni, Mombasa, pamoja na mke wangu. Nilifanya kazi hotelini Dubai tangu Machi 2017 hadi 30 Juni 2020, walipopunguza wafanyakazi wakati wa korona. Nikakaa miezi saba bila kazi, hadi nilipoajiriwa hapa Februari 2021. Nimefanya mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada, na juma lililopita nikapata mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu Kanada kupitia Express Entry, ule mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama, kundi la wanaojua Kifaransa. Wakala ninayemlipa ananiambia nisogeze tarehe ya mwisho ya kazi ya Dubai hadi Januari 2021, pengo lisionekane. Pia nisimtaje binti yangu wa miaka tisa anayeishi na mama yake Bujumbura, kwa kuwa haji nami. Tena nisiseme kwamba mwaka 2018 nilinyimwa viza ya Uingereza. Barua ya kazi ataniandikia yeye, na anataka neno la siri la akaunti yangu. Nina siku 60 za kutuma ombi. Nifanyeje?
Mhasibu, Kisauni

Waalaikumu salaam, kaka. Mimi si wakili. Ni mtu wa maabara, niliyepitia njia hii mwenyewe na ambaye kwa miaka kadhaa sasa nimekaa na wengi mezani kwangu hapa Hamilton, Kanada, tukisoma fomu zao mstari kwa mstari. Basi pokea maneno yangu kama ya dada aliyetangulia.

Tuanze na binti yako. Mtaje. Jina lake kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe yake, anakoishi. Na wakikuuliza kama anaambatana nawe, jibu kwamba haambatani. Fomu inataka watoto wako wote, wanaosafiri na wanaobaki. Mtoto anayebaki naye hupelekwa kupimwa kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada, na hata hesabu ya fedha za kuanzia maisha humhesabu: kwako wewe ni familia ya watu watatu. Kumtaja hakukupunguzii alama hata moja, maana mfumo wa alama wa Express Entry hauhesabu watoto kabisa. Sijui wakala wako alifikiri anaokoa nini.

Gharama ya kumficha ndiyo kubwa. Kanuni za uhamiaji za Kanada, kifungu cha 117(9)(d), zinamtoa mtoto asiyetajwa na asiyepimwa kwenye orodha ya jamaa unaoweza kuwaombea baadaye. Tangu 2019 kumekuwa na sera ya muda inayowalegezea baadhi ya watu waliokosea hivyo, lakini mwanao usimwache ategemee sera ya muda. Leo ana miaka tisa na yuko kwa mama yake. Akifika kumi na minne huenda akataka kuja kwako, au mama yake akaugua. Siku hiyo utataka jina lake liwe ndani ya faili lako tangu mwanzo. Mpigie mama yake simu leo, mkubaliane juu ya vipimo, kwa sababu tangu 21 Agosti 2025 vipimo vya afya vinafanywa kabla ya kutuma ombi, na siku zako 60 zinakwenda.

Sasa hiyo miezi saba.

Mwaka 2013 nilituma maombi yangu ya kwanza, wakati huo ni makaratasi matupu, bahasha nene kutoka Mombasa hadi Sydney, mji mdogo wa Nova Scotia. Mwaka ule programu ya wafanyakazi wenye ujuzi ilifunguliwa Mei kwa kazi 24 tu na nafasi 5,000. Kazi ya maabara ilikuwemo, nikaona mlango umefunguliwa kwa ajili yangu. Wakala mmoja wa mjini alinijazia. Kati ya Februari na Juni 2009 nilikuwa nimeacha kazi nikamuuguze mama yangu Voi. Yeye akaona aibu kuandika kwamba sikuwa na kazi, akaziacha tarehe zile wazi. Bahasha ikarudi nzima mwezi wa tisa, pamoja na vyeti vyangu vyote, na mstari mmoja wa maelezo: historia haijakamilika. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba yetu ya Majengo nikalia, kwa sababu miezi ile mitano nilikuwa na kazi kweli, tena nzito kuliko zote nilizowahi kufanya, na wakala akaiona ni doa. Nilijaza upya kwa mkono wangu: bila ajira, nikimhudumia mama, Voi, Februari hadi Juni 2009. Niliingia Kanada 2015.

Historia yako inatakiwa ya miaka kumi iliyopita, mwezi kwa mwezi, na kila mwezi uwe na neno. Kukosa kazi ni neno halali. Andika: Julai 2020 hadi Januari 2021, bila ajira, Kisauni. Kwenye orodha ya anwani napo iwe hivyo hivyo. Kisha tazama kile ambacho wakala hakukitazama. Pasi yako ina muhuri wa kutoka Dubai. Kibali chako cha ukaazi kule kilifutwa kwa tarehe. Barua ya hoteli inasema 30 Juni. Ukisogeza kazi hadi Januari, umeweka mezani karatasi tatu zinazokukanusha. Na faida yake? Hakuna. Kwenye alama za Express Entry uzoefu wa nje ya Kanada unafika kilele ukitimiza miaka mitatu, na wewe Dubai peke yake umekaa miaka mitatu na miezi minne.

Kwetu maabara, chupa ya damu ikija na jina moja na fomu yake ina jina lingine, hatupimi. Hata kama tunamjua mgonjwa, hata kama tofauti ni herufi moja, tunairudisha wodini. Afisa anayesoma faili lako anafanya kazi hiyo hiyo: analinganisha.

Na viza ya Uingereza. Swali linauliza kama uliwahi kukataliwa viza au kuingia nchi yoyote, si Kanada peke yake. Jibu ndiyo, andika nchi, mwaka na sababu waliyokupa, basi. Kanada hubadilishana taarifa za alama za vidole na Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand, kwa hiyo anayetaka kuficha jambo hilo anamficha mtu aliyekwisha kuliona. Kukataliwa viza ya kutembea mwaka 2018 hakukufungii mlango. Kusema uongo juu yake kunaufunga: kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji kinamzuia aliyetoa maelezo ya uongo kwa miaka mitano. Anayefungiwa ni mwombaji, hata kama uongo uliandikwa na aliyemlipa.

Barua ya kazi aiandike mwajiri. Iwe kwenye karatasi yenye nembo, na ndani yake jina lako, cheo, tarehe ya kuanza na ya kuacha, saa kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, majukumu, kisha jina, cheo na sahihi ya msimamizi pamoja na simu na barua pepe ya kampuni. Majukumu ndiyo moyo wake. Kanada inapanga kazi kwa kile ulichokuwa ukikifanya, na jina la cheo huja nyuma. Mhasibu kamili ni namba 11100, fundi wa hesabu na mtunza vitabu ni 12200, karani wa hesabu ni 14200. Tarakimu ya pili ndiyo daraja, na programu ya wenye ujuzi inapokea 0 hadi 3. Kwa hiyo karani wa hesabu, mwenye 4, hapiti, hata awe na miaka kumi na tano kazini. Kama Dubai ulikuwa unafunga hesabu za mwezi, unaandaa taarifa za fedha, unakaa na wakaguzi, barua iseme hivyo kwa maneno ya hoteli ile. Wakala wako najua atafanya nini: atanakili maelezo ya serikali ya Kanada neno kwa neno. Maofisa wamezisoma barua za namna hiyo mpaka wamezijua kwa sura, na huwatia shaka.

Hoteli ikikataa kuandika majukumu, kama zinavyofanya nyingi za Ghuba, chukua hicho cheti chao kifupi chenye cheo na tarehe. Ongeza mkataba, karatasi za mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya aliyekuwa msimamizi wako, hata kama amehamia kwingine. Juu yake weka barua yako fupi ya maelezo: niliomba tarehe fulani, wakajibu hivi, basi nimeleta hivi. Kwa kazi ya Mombasa, fomu zako za P9, zile za kodi ya mshahara, zitasaidia.

Vyeti vya polisi uvianze kesho asubuhi. Vinatakiwa vya kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo katika miaka kumi: Burundi, Falme za Kiarabu (Dubai) na Kenya, na mkeo vya kwake. Cha Kenya kiwe hakijazidi miezi sita siku unapotuma. Cha Dubai kiwe kimetolewa baada ya wewe kuondoka. Karatasi zako za Burundi zilizoandikwa kwa Kifaransa hazihitaji tafsiri. Ukiona kweli hutatimiza kwa siku 60, ni heri uukatae mwaliko urudi kwenye orodha ya wanaosubiri mwaliko kuliko kutuma ombi lenye tundu.

Fedha nazo ziwe zako. Barua ya benki inaonyesha salio la leo, wastani wa miezi sita, tarehe akaunti ilipofunguliwa na madeni yako. Pesa ya kuazima kwa wiki moja itaonekana kama mgeni aliyekuja bila mzigo, tena fedha za mkopo haziruhusiwi.

Sasa wakala. Anayelipwa kushughulikia maombi ya Kanada lazima awe mwanachama wa chama cha mawakili cha jimbo la Kanada, mthibitishaji wa Québec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji wa Kanada, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Mtafute jina. Kama yumo, ajitaje kwenye fomu ya mwakilishi na atumie akaunti yake. Kama hayumo, badilisha neno lako la siri leo usiku, na uchukue vyeti vyako halisi kabla hujamwambia lolote.

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi Mwanza, nimeachika kwa hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, nayo ni ya Kiswahili. Dada yangu ni mwalimu wa Kiingereza, je, anitafsirie? Jina langu kwenye cheti cha chuo ni Mwanaisha, kwenye pasi ni Mwanaasha. Nataka kwenda na mwanangu wa miaka minane.
Muuguzi, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Dada yako asitafsiri, hata angekuwa bingwa. Tafsiri ya ndugu haikubaliwi. Tafuta mtafsiri aliyeidhinishwa, na kama hana idhini, aape mbele ya kamishna wa viapo, kisha uambatishe hati yake ya kiapo na nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Hukumu yote itafsiriwe, hata mihuri.

Kwenye hali ya ndoa chagua talaka. Wengi hujiandika hawajaolewa kwa kuona mambo yameisha, halafu cheti cha mtoto kinasema lingine.

Jina ulijaze kama lilivyo kwenye pasi, na ile sehemu ya majina mengine uliyowahi kuyatumia usiiache wazi: andika Mwanaisha. Apa kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, ukiambatishe. Kumbuka ile chupa ya damu niliyomwambia kaka wa Kisauni.

Kwa mtoto, baba yake lazima atie sahihi tamko la mzazi asiyeambatana, fomu IMM 5604, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama hukumu imekupa wewe peke yako malezi, ilete hiyo. Najua si rahisi kumwomba sahihi mtu mliyeachana mahakamani. Mtume mzee anayemheshimu, tena mapema, kabla mwaliko haujaja na siku hazijaanza kuhesabiwa.

Dada, nina mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ile ya Academic, nilipata 7.5. Nilifanya mwaka jana kwa ajili ya chuo. Naweza kuitumia?
Mhandisi, Kampala

Hapana, mdogo wangu, na pole kwa ada uliyolipa. Express Entry inapokea ya General Training. Programu ya wenye ujuzi inataka angalau 6.0 kwenye kila sehemu, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja peke yake. Ile 7.5 yako ni wastani, na wastani hawautazami. Lenga 8.0 kwenye kusikiliza na 7.0 kwenye zile tatu, hapo ndipo alama zinapanda sana. Matokeo yanadumu miaka miwili, na yawe bado hai siku unapotuma ombi lenyewe, kwa hiyo kwanza peleka shahada yako ikatathminiwe, maana hiyo ndiyo huchelewa, kisha uweke tarehe ya mtihani.